Gari la Saa Nne

Ilikuwa bado saa mbili asubuhi, na mlinzi wa lango la hospitali alikuwa amekwisha kula mara tatu kwa mtu mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri, walipomleta Kibibi na uchungu wa kuzaa: lango halifunguliwi kwa teksi, labda mzee ajiongeze. Mara ya pili, mama mtu alipotoka kununua beseni, glavu na uzi, maana wodi haikuwa na kitu isipokuwa vitanda. Aliporudi akaambiwa saa ya kutazama wagonjwa haijafika. Mara ya tatu haikuwa hata na sababu. Mlinzi alisema tu, "Mzee wangu, sisi hapa hata chai hatujanywa," na Fundi Msumari akatoa noti bila kubisha, kama mtu anayelipa nauli.

Walimwita Msumari kwa sababu akishatamka neno halichomoki. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa kiongozi wa karakana ya useremala yenye mafundi kumi na wanne, yeye akiwemo, na hakuna aliyewahi kumdai kitanda akakikosa. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walisema mengi. Mtu huyu hakuwa mjinga, na lililompata siku ile halikuletwa na ujinga.

Kibibi alikuwa kitinda mimba wake, binti wa miaka ishirini na mbili. Alijifungua mtoto wa kiume saa kumi na moja alfajiri, mtoto akalia vizuri, kila mtu akashukuru. Kondo la nyuma ndilo lililogoma. Walipofanikiwa kulitoa, damu ikafuata, ikatoka mpaka mkunga akaacha kuhesabu vitambaa. Ilipokatika jua lilikuwa limechomoza na midomo ya Kibibi ilikuwa na rangi moja na shuka.

Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, aliwaita wazazi pembeni.

"Damu imesimama. Lakini aliyobaki nayo ni kidogo mno. Kipimo cha damu cha mtu kinatakiwa kiwe kumi na mbili, chake ni nne. Anahitaji uniti mbili, na anazihitaji leo. Mzee, nenda chumba cha damu, utaelekezwa."

"Leo saa ngapi?" mama aliuliza.

"Mapema iwezekanavyo, mama. Mimi siwezi kumwongezea hata tone."

* * *

Kwenye mlango wa chumba cha damu palibandikwa tangazo lililopaushwa na jua. Mheshimiwa mmoja wa serikali alikuwa anatabasamu, amemshika bega mwanamume aliyekunja shati na kunyoosha mkono wenye sindano. Chini yake: CHANGIA DAMU, OKOA MAMA. Mwanamume yule alikuwa Msumari mwenyewe, miaka mitatu nyuma, akiwa na mvi chache kuliko sasa.

Siku ile aliwapanga mafundi wake wote kumi na watatu foleni, yeye mbele. Walipewa soda na kofia. Miezi minne baadaye ikajulikana kwamba damu yao ilikuwa inauzwa kwenye hospitali ya shemeji yake mheshimiwa, mfuko kwa mfuko, huku kina mama wa wodi hii wakiambiwa friji ni tupu. Iliundwa tume. Tume ikaandika ripoti, ripoti ikafungiwa kabatini, na mheshimiwa akapandishwa cheo. Wiki ile ile Msumari alichukua ubao, akaandika kwa penseli ya useremala: HAPA HATUTOI DAMU. ATAKAYETOA ATANUNUA KRETI YA SODA. Akaupigilia juu ya mlango wa karakana kwa misumari ya inchi nne. Tangu hapo gari la kukusanya damu likipita, dereva alikuwa akisoma ubao na kugeuza.

Sista wa damu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa plasta kwenye kipini. Aliletwa pale miezi minane iliyopita, baada ya mwenzake wa zamani kuhamishwa kimyakimya. Hakuwahi kupokea hata soda ya mtu. Jambo hilo halikumsaidia chochote, kwa kuwa uaminifu hauna sare, na hapakuwa na njia ya mtu kuujua kwa kumtazama.

"Kundi lake ni O," alisema, akisoma karatasi. "Sina O. Sina chochote, mzee. Friji ni tupu."

Msumari alimtazama usoni. Maneno hayo aliwahi kuyasoma gazetini, katika habari ya ile tume.

"Leta watu," sista aliendelea. "Watano, sita, wenye afya, hasa kama unawajua wenye kundi O. Lakini wawe hapa kabla ya saa nne."

"Kwa nini saa nne?"

"Saa nne gari la sampuli linaondoka kwenda maabara kuu. Damu haiwekwi kwa mtu kabla ya kupimwa. Ikienda na gari hilo, majibu yanarudi saa tisa alasiri, jioni binti yako anawekewa. Ikilikosa, lipo gari la saa kumi jioni, na majibu yake ni kesho asubuhi. Unanielewa, baba?"

Msumari aliyasikia yote, hakuna neno lililompita. Lakini masikio yake yalikuwa yamefundishwa na ofisi nyingi. Alipokwenda kutafuta leseni ya karakana aliambiwa kitabu kimeisha, kitabu kilipatikana. Alipoomba umeme aliambiwa hakuna nguzo. Nguzo ilipatikana, tena mbili. Alipopeleka hati ya kiwanja cha marehemu baba yake, karani alimwambia arudi kabla ya saa sita kwa sababu bosi anasafiri, na bosi alikuwa amekaa chumba cha pili akisikiliza redio. Katika maisha yake yote ya utu uzima, mtu wa ofisini aliyesema "hakuna" alikuwa anataja bei. Saa nne, alijiambia, ndipo zamu ya huyu mama inapokwisha.

"Nimekuelewa, sista," alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeelewa kweli.

Sista alifurahi kuona ameeleweka.

Nje, mhudumu wa kusukuma vitanda alikuwa ameegemea ukuta akichokoa meno.

"Wamekwambia tupu?" aliuliza.

"Tupu."

"Friji ya serikali haiwi tupu, mzee. Inategemea anayeuliza ni nani." Alitema kijiti. "Uniti mbili, laki tatu. Usinipe mimi, mpe mwenyewe mkononi. Mimi nitakumbukwa baadaye."

Mhudumu yule hakujua lolote kuhusu friji. Hajawahi kuingia chumba kile. Alikuwa amebahatisha tu, kama anavyobahatisha kila siku, na mara nyingi ilimletea pesa ya mchana.

* * *

"Si tuwaite tu watu wa karakana?" mama aliuliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mjukuu mapajani. "Wapo wengi, wana nguvu zao. Yule Vanishi wenu kadi yake ya damu ilisema O, nakumbuka, alijisifu wiki nzima."

"Mama Kibibi, huwajui hawa. Nikileta watu wataambiwa damu yao haifai. Nikileta wengine, mashine mbovu. Nitazungushwa mpaka jioni na mwishowe nitatoa pesa ile ile. Mkono mtupu haulambwi."

"Yule sista hakuniangalia kama mtu anayetaka kitu. Nilipompelekea karatasi alinipa kiti."

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Mimi ningejaribu."

"Mambo ya kujaribu tulishayajaribu. Picha yangu iko pale mlangoni, nenda kaiangalie."

Mama alinyamaza. Miaka thelathini ya ndoa ilimfundisha kwamba mumewe akifika hapo, kubishana naye ni kupoteza pumzi. Baadaye alijilaumu kwa kunyamaza kuliko kwa jambo lolote alilowahi kufanya.

Kibibi alifumbua macho. "Baba, mtoto amenyonya?"

"Atanyonya, mama yangu. Wewe pumzika. Nakwenda mara moja."

"Usikawie."

"Sikawii."

* * *

Alifika karakana saa tatu kasoro. Mashine zilizimwa, mafundi wakamzunguka, vumbi la mbao kwenye nyusi zao. Aliwaeleza. Hakuficha neno, hata lile la gari la sampuli aliwaambia, na walicheka kidogo kwa uchungu, kwa sababu wao pia walikuwa na ofisi zao.

"Fundi," alisema Vanishi, mpaka rangi wa karakana, aliyekuwa na mzaha hata msibani. "Ngoja nielewe. Sista kasema pesa au kasema watu?"

"Kasema watu."

"Na wewe unasema?"

"Nasema pesa."

"Bora pesa. Pesa ikitoka haichomi."

Walitoa. Hili lazima lisemwe kwa sifa yao: walitoa bila kuombwa mara mbili, watu ambao mshahara wao wa wiki haukuwafikisha hata Jumatano. Mmoja alitoa kodi ya chumba. Mwingine alivua kiatu, akatoa noti iliyolowa jasho. Ndani ya robo saa zikapatikana elfu tisini, juu ya benchi la kupigia randa. Kumi na watatu walikuwa wamesimama pale, wazima kama mafahali, na ubao ulikuwa juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyeutazama.

Zilibaki laki mbili na elfu kumi. Msumari alifunga randa yake ya umeme kwenye gunia, akaipeleka kwa mwenye duka la mbao aliyekuwa akiitamani miaka mitano.

Mwenye duka alijua anaongea na mtu mwenye shida. Harufu ya shida anaijua kila mwenye duka. Aliizungusha randa mikononi, akapuliza vumbi, akasema visu vimechakaa.

"Visu nimevibadilisha mwezi uliopita."

"Basi nionyeshe inavyokata. Kipande hicho hapo."

Kwa hiyo Fundi Msumari, ambaye nusu ya milango ya mtaa ule ni kazi yake, alisimama mbele ya wateja na wapakia mbao akalainisha ubao wa mtu mwingine upande mmoja, akaugeuza, akalainisha upande wa pili, huku mwenye duka akipitisha kiganja na kusema, "Hapo bado. Hapo rudia kidogo." Saa ya ukutani ilisoma saa nne na dakika tano.

Alipewa laki moja na nusu, na hata hiyo alisubirishwa mpaka mfanyakazi arudi kutoka benki. Mkwewe, mume wa Kibibi, dereva wa lori aliyekuwa njiani mbali na nyumbani, alituma elfu sitini kwa simu. Mtandao ukagoma, ukakubali. Kisha kijana yule akapiga simu. "Baba, mwambie nakuja. Mwambie kesho kutwa nipo." Msumari alinunua bahasha ya kaki, akaweka laki tatu kamili ndani, akairamba, akaifunga.

Kwenye lango mlinzi alikula mara ya nne.

* * *

Ilikuwa saa saba na nusu. Sista alimwona akiingia, akachungulia nyuma yake.

"Watu wako wapi?"

Msumari alifunga mlango kwa kisigino. Aliweka bahasha mezani, akaisukuma kwa vidole viwili, taratibu, mpaka ikagusa mkono wa sista.

"Nimechelewa kidogo, uniwie radhi. Zimetimia."

Sista aliitazama bahasha. Kwanza hakuelewa, kisha uso wake ulibadilika, na Msumari aliona kitu ambacho hakukitegemea kabisa. Aliona mtu amedhalilishwa.

"Baba," alisema. "Tangu saa mbili asubuhi ulikuwa unatafuta hii?"

Msumari aliondoa vidole vyake kwenye bahasha.

Sista alisimama, akachukua ufunguo shingoni mwake, akafungua friji mpaka mlango ukagonga ukuta. Ndani mlikuwa na rafu nne za waya, kipimajoto kinachoning'inia kwa kamba, na taa. Baridi ikamfikia Msumari miguuni.

"Angalia. Ingiza mkono kama hutaki kuamini macho. Ningekuwa mwizi, humu ningeiba nini? Miezi minane nazunguka na gari la kukusanya damu. Shuleni wananifungia lango. Sokoni wananizomea. Kwenye karakana moja huko wameweka ubao, atakayetoa damu atozwe faini." Aliufunga mlango wa friji. "Damu anayowekewa mgonjwa leo ni ile iliyotolewa juzi na mtu asiyemjua. Juzi hakutoa mtu. Wiki iliyopita hakutoa mtu. Ndiyo maana nilikwambia leta watu, leta watu kabla ya saa nne."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hakuna wa kumlaumu. Lakini ukweli wa siku ile ulikuwa huu: mwanamke mmoja alisema kweli, na aliyeambiwa alikwenda kutafuta pesa. Kwa mara ya kwanza Msumari akaogopa hasa. Alishika ukingo wa meza.

"Sasa je?" aliuliza.

"Sasa lipo gari la saa kumi. Waite. Na mimi nitapiga simu hospitali nyingine."

Alipiga tatu, mbele yake. Kote jibu lilikuwa moja.

Msumari alitoka kwenye veranda akampigia Vanishi.

"Njooni mtoe damu."

Kwa mbali msumeno ulikuwa unalia, kisha ukazimwa.

"Fundi, na ubao?"

"Ung'oeni."

"Na zile pesa?"

"Hazikuwa zinahitajika. Friji tupu kweli. Nimeiona kwa macho yangu."

Vanishi aliweka simu kwenye spika ili wenzake wasikie. Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, na Msumari akasikia kila neno: kwamba huenda wamembana, kwamba huenda friji ya pili iko ndani, kwamba damu ya O ndiyo yenye bei. Kisha akasikia sauti ya mkubwa wao baada yake, fundi wa makabati, mtu mpole asiyependa ugomvi.

"Msumari, tusameheane. Ulituambia tutoe, tukatoa, tukauzwa. Ukatuambia tusitoe, tukaacha. Sasa unatuambia tutoe tena. Pesa nimekupa na sikudai. Lakini sindano, kaka, niache."

Walikuja wanne. Vanishi alikuwa mbele, hana mzaha. Wawili walikuwa kundi O, yeye akiwa mmoja wao. Msumari naye alitoa, ingawa yake ilikuwa B na haikumfaa binti yake, kwa sababu hakuweza kusimama pale akiwatazama. Saa kumi kamili kisanduku cha sampuli kilipakiwa garini. Sista alikisindikiza kwa miguu mpaka langoni, akimsihi dereva.

* * *

Kibibi hakupiga kelele wala hakulalamika. Alipumua haraka haraka kama mtu aliyepanda ngazi nyingi, akasema anasikia baridi, wakamfunika khanga mbili na koti la baba yake. Mtoto aliwekwa kifuani pake. Akamnyonyesha kidogo, au alijaribu.

"Damu imekuja?" aliuliza.

"Iko njiani," Msumari alisema.

"Njia gani ndefu hivyo."

Saa moja kasoro, kabla taa za wodi hazijawashwa, akaacha kupumua. Daktari alikuja mbio, akafanya aliyoyaweza kwa mikono yake miwili, kisha akasimama na kuangalia sakafu.

Mama alimchukua mtoto. Hakulia mara moja. Alimgeukia mumewe na kumtazama, na katika muda ule alimchukia, na alijua kwamba anamchukia, mtu aliyempenda tangu akiwa msichana. Alitaka kusema kwamba asubuhi alimwambia. Hakusema. Msumari alilisikia hivyo hivyo.

* * *

Asubuhi yake karakana haikuwasha mashine. Vanishi na wenzake walilainisha mbao za jeneza kwa randa ya mkono, kwa zamu, kwa sababu ile ya umeme ilikuwa dukani kwa mtu. Mbao ngumu, kazi ikawatoa jasho. Kumi na watatu wote walikuwepo. Ubao wa mlangoni ulikuwa umeng'olewa, na hakuna aliyeuliza nani kauweka wapi.

Msumari alikwenda hospitali kuchukua karatasi ya kuruhusu maiti. Alikuwa akipita kwenye chumba cha damu, uso ameuelekeza ukutani, sista alipotoka na kusimama mbele yake. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Pole, baba. Sina la kukuambia. Pole." Alishika karatasi mkononi, akaikunja, akaikunjua. "Majibu yametoka. Zile mbili za O ni safi. Zote mbili."

Msumari aligeuza uso kutoka ukutani.

"Kuna mama kitanda cha tisa," sista alisema haraka, kama anayetaka kulimaliza kabla ujasiri haujamwisha. "Amejifungua alfajiri. Hali yake ni kama ya binti yako. Baada ya ile tume walileta kanuni: damu iliyoletwa na ndugu kwa jina la mgonjwa haihamishiwi mwingine mpaka ndugu waweke sahihi. Najua si wakati wa kukuuliza."

"Hana watu?"

"Ana mume. Nilimwambia alete watu kabla ya saa nne. Aliniambia ameelewa. Ameondoka tangu saa moja." Sista alivua miwani, akaifuta. "Najua alikokwenda."

Msumari alichukua kalamu, akaandika jina lake polepole. Kisha akasema jambo ambalo hata yeye lilimshangaza.

"Nataka nione ikiingia."

"Baba, huniamini?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, na hakutaka kumdanganya mwanamke huyu. "Nataka nikuamini, sista. Lakini nataka nione."

Sista hakukasirika. Alimtafutia stuli.

Hivyo akakaa. Mwanamke wa kitanda cha tisa alikuwa mdogo kuliko Kibibi, macho ameyafumba. Mfuko ulitundikwa kwenye nguzo ya dripu, na damu ya Vanishi ikaanza kushuka, tone, tone. Msumari aliyatazama matone yale kwa chuki na kwa shukrani, vyote pamoja, na machozi yaliyokataa usiku kucha yakamshuka bila sauti. Mfuko wa pili ulitundikwa. Midomo ya mwanamke ikaanza kupata rangi.

Ilikaribia saa tano mumewe alipoingia. Alikuwa fundi baiskeli, mikono na grisi mpaka kwenye viwiko, anahema. Aliuona mfuko ukiwa nusu. Akamwona mzee asiyemjua amekaa chini yake, akiulinda. Alitazama kushoto na kulia, akamsogelea na kuinama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ni wewe uliyetufanikishia?"

"Tuliitoa sisi. Mimi na wenzangu."

Kijana aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelewa kweli. Akatoa bahasha ndani ya shati na kuipenyeza kwenye mfuko wa koti la Msumari, taratibu, huku amemkinga kwa mgongo wake asionekane. "Ni laki mbili, mzee. Nimeuza baiskeli mbili za watu na spana zangu zote. Jioni nitajitahidi."

Msumari aliitoa, akamrudishia. "Sitaki pesa, mwanangu. Haiuzwi."

Uso wa kijana ulisinyaa. Katika ofisi zote alizowahi kuingia, anayesema hataki ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote.

"Sikiliza," Msumari alisema. "Damu hii ilikuwa ya binti yangu. Amefariki jana jioni. Mimi nilifanya hivi hivi unavyofanya wewe, nikatafuta bahasha, gari likaondoka. Sista hakuwa na damu. Kweli hakuwa nayo. Hapa hakuna wa kumlipa."

"Pole sana, mzee wangu," kijana alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli, macho yalimlowa. Alisimama kidogo. Kisha akaunyoosha mkono wake wa grisi, akaishika nguzo ya dripu kwa nguvu, kama mtu anayezuia isichukuliwe.

"Pole sana. Basi niambie tu ukweli, mzee. Niongeze ngapi?"

Msumari alitafuta neno ambalo yeye mwenyewe, jana saa mbili asubuhi, angeliamini. Hakulipata.